Mkono wa Kukinga

Majuzi nilipita Tononoka nikaona watoto wa karate wakimsalimu mwalimu wao, nikageuza uso.

Mwalimu wetu Kazungu alikuwa kuli wa magodauni ya Shimanzi, na nguo zake zilinukia majani ya chai. Alitufundisha alasiri kwenye paa la saruji la nyumba moja Mji wa Kale, likituunguza nyayo. Wiki baada ya wiki tulijifunza kukinga tu.

"Kazi ya kwanza ya mkono ni kukinga," alisema.

Mimi nilitaka kupiga. Nilipochoka, nilimwambia bibi kuwa mwalimu hutuinamisha mbele yake kama tulio kwenye swala. Ulikuwa urongo. Yeye mwenyewe alitwambia tusiiname, tuweke mkono kifuani tu, kwa kuiheshimu dini yetu.

Kesho yake, kabla wenzangu hawajafika, bibi alizipanda ngazi akihema, harufu ya udi ikimtangulia, bakora mkononi.

"Wawainamisha watoto wa watu, wewe? Au mtoto huyu amenambia urongo?"

Mwalimu aliitazama bakora, kisha akanitazama mimi. Akaweka mkono kifuani.

"Kosa ni langu, mama. Niwie radhi. Sitawafundisha tena."

Nilimwona mwoga. Mtu mwenye mikono ile kumwogopa kikongwe! Nilicheka kimoyomoyo njia nzima hadi nyumbani.

Hatukumwona tena. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikafahamu kuwa lau angesema kweli, bakora ile ingeniangukia mimi. Alikuwa akinikinga, nami nikacheka.