Upinde wa Bidoni Nzima

Baba yangu alikuwa na namna mbili za kusali Salamu Maria. Ya kanisani ilikuwa ya kawaida, kama ya watu wote. Ya uwanjani, nyuma ya nyumba zetu za Ngagara, ilitegemea kama anakupenda au hakupendi.

Ngoja nieleze. Kila Jumapili baada ya misa, wanaume wa kundi la baba walikutana na pinde zao za miti na kulenga mgomba uliosimikwa upande wa pili wa uwanja. Alikuwapo mwalimu, alikuwapo fundi wa magari kutoka Kamenge, na watumishi wa serikali wenye vitambi. Baba ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Upinde haukuchaguliwa kwa macho. Ulifungwa katikati kwenye chuma cha goli, bidoni ya kuchotea maji ikaning'inizwa kwenye kamba yake, kisha maji yakamiminwa polepole mpaka kamba ivutike urefu wa mshale. Maji yaliyoingia ndiyo yaliyokuwa uzito wa upinde huo. Bidoni nzima ni lita ishirini, na huo tuliuita upinde wa mwanaume. Chini ya hapo ulikuwa wa kujifunzia.

Baada ya upinde, alipimwa mtu. Aliyeutaka aliuvuta mpaka kamba iguse shavu, akaushikilia hapo huku baba akisali kwa sauti. Mkono wako usipotetemeka mpaka amina, upinde ni wako. Ukitetemeka, unapewa mwepesi zaidi. Na aliyeshindwa bidoni nzima hakusimama kwenye mstari na wanaume siku ya kulenga, aliokota mishale yao. Sheria hiyo aliitunga baba mwenyewe. Aliipenda kuliko alivyotupenda sisi, na sisemi hivyo kwa hasira tu.

Kwa aliowapenda, sala ilikwisha kabla hawajapumua mara mbili. Kwa wengine, baba alipumzika kati ya maneno, akameza mate, akatazama mawingu kama mtu anayetafuta mvua. Wote walijua, na wote walicheka, isipokuwa yule aliyekuwa ameshika upinde.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka kumi na sita, mwembamba, mwenye mabega ya kuning'inizia shati tu. Alikuwa akivuta upinde wa lita kumi na mbili na aliupiga mgomba vizuri kuliko wengi wa wale wenye vitambi. Mimi nilikaa ukutani na soda yangu nikimtazama, kwa kuwa Jumapili duka la vitenge nililofanyia kazi kule mtaa wa Asiatique lilifungwa. Ndoa ya binti wa rafiki wa baba ilikuwa inakaribia, na kundi lilialikwa kulenga mbele ya wageni. Baba alitaka kwenda na mwana anayevuta bidoni nzima. Akamwekea mdogo wangu upinde wake mwenyewe mikononi.

"Papa, mi siwezi iyi. Iko nguvu sana."

"Mutoto yangu aende ku ndoa na upinde ya batoto? Batu baseme nini? Vuta!"

Fundi wa magari alijaribu. "Muzee, umupatie kwanza ya lita kumi na tano. Mwili itazoea polepole."

"We tengeneza magari yako," baba alimjibu.

Mdogo wangu akavuta. Alifika shavuni, na hilo pekee lilinishangaza. Baba akaanza. Alisema Salamu, akanyamaza. Akasema Maria, akakohoa. Alipofika katikati, mkono wa kijana ulikuwa umeanza kucheza na jasho lilikuwa linamwingia machoni. Nikapiga kelele kutoka ukutani: "Papa, maliza basi!"

Baba akageuka, akaniangalia, akaanza sala upya kutoka mwanzo.

Nililisikia bega la mdogo wangu likiteguka kutoka pale nilipokaa. Upinde ulianguka, na mdogo wangu akaanguka juu yake bila hata kulia. Baba aliendelea mpaka amina, bila kuruka neno. Ndipo akamwambia, "Okota mishale."

Mama alimkanda kwa chumvi ya moto. Baba alisema ni uvivu, utapona. Walipokubali hatimaye kumpeleka kwa daktari, bega lilikuwa limeshika vibaya, na mkono wa kulia haukupanda tena juu ya kifua. Siku ya ndoa baba aliwaambia wageni kwamba mwanawe ana malaria.

Tangu hapo mdogo wangu akawa mwokota mishale. Mshale uliozama kwenye mgomba unang'olewa kwa mikono miwili, mmoja unasukuma shina na mwingine unavuta, la sivyo unavunjika. Mishale ikikaa chini aliing'oa. Ikikaa juu hakuweza. Na baba akaanza kulenga juu. Najua alilenga, maana baba hakuwa mtu wa kukosea. Mdogo wangu alisimama chini ya mshale akiutazama, na baba akamwambia kutoka kwenye mstari, kila Jumapili, maneno yaleyale: "Ita dada yako akusaidie." Wanaume walicheka mpaka wakashika magoti. Mimi nilishuka ukutani, nikavuka uwanja na kung'oa. Nilimchukia baba kwa hatua zote zile za kwenda na za kurudi.

Miaka ilikwenda. Mama alikufa. Macho ya baba yalipoanza kushindwa kuona maji yamefika wapi kwenye bidoni, mdogo wangu alichukua kazi ya kupima, na baadaye na ya kusali. Hakumpa mtu upinde uliomzidi. Sala yake ilikuwa moja kwa watu wote, kwa mwendo wa kanisani, na kundi lilipenda hivyo ingawa hakuna aliyethubutu kulisema.

Kila mwaka baada ya Pasaka watu wanapimwa upya. Mwaka huu baba alikuwa amepita sabini. Angeweza kukaa kwenye kiti na kuheshimiwa, hakuna ambaye angesema neno. Lakini kukaa maana yake kukubali. Asubuhi, kabla ya misa, nilimsikia akimwambia mdogo wangu mlangoni, akijifanya anafunga kamba za viatu.

"Leo usali haraka."

"Nitasali, papa."

Uwanjani baba alijitokeza wa kwanza. Upinde ulipimwa mbele ya wote: bidoni nzima. Akauvuta, akafika shavuni, na nikiri kwamba alipendeza. Mdogo wangu akaanza. Hakuharakisha, wala hakuchelewesha. Alisali kama tulivyosali wote asubuhi ile. Mkono wa baba ulianza kutetemeka mapema. Alimkodolea macho mdogo wangu, na mdogo wangu alikuwa anatazama majani. Alipofika kwenye "utuombee sisi wakosefu", kamba ilimponyoka baba na kurudi kwa kishindo. Alikunja uso na kushika bega lake.

Fundi wa magari alileta kiti. "Muzee, kaa, pumzika."

"Apana," mdogo wangu alisema. "Sheria ni ya papa. Tumupimie ingine."

Walishuka upinde baada ya upinde. Kwa kila mmoja mdogo wangu alisali sala ileile, kwa upole, na kwa kila mmoja baba alitetemeka. Hatimaye akamletea ule wanaoanzia watoto. "Lita munane, papa. Iyi ndiyo yako." Baba alifika amina. Akarusha mshale mmoja, na ukaupata mgomba katikati. Watu wakapiga makofi, yale makofi anayopigiwa mtoto aliyesoma vizuri mbele ya kanisa. Nililiona hilo likimwingia usoni, na nikafurahi. Nilipiga makofi kuliko wote.

Kisha wanaume walisimama kwenye mstari wakalenga, na baba akabaki pembeni. Walipomaliza walitazamana, kila mmoja akingoja mwingine amwambie baba aokote. Baba hakusubiri kuambiwa. Alivuka uwanja peke yake, akaanza kung'oa. Ya chini ilitoka. Mmoja ulikuwa juu, na sidhani kama aliyeurusha alikusudia. Baba aliinua mkono, ukaishia kifuani. Akajaribu tena. Akageuka.

Mdogo wangu alikuwa anamwaga maji ya bidoni kwenye majani. Hakuinua sauti. "Papa, ita dada."

Safari hii hakuna aliyecheka. Baba alinitafuta ukutani kwa macho yake mabovu.

"Mama," aliniita. "Uje unisaidie, mama."

Hivyo ndivyo akina baba wengine wa mtaani kwetu wanavyowaita binti zao wanaowapenda. Mimi hakuwahi kuniita hivyo tangu nizaliwe. Nilikuwa na chupa ya soda mkononi, karibu imejaa. Niliinywa yote kwanza.