Nusu ya Uso wa Mama

Plaiwudi ikiungua ina harufu tamu kidogo, kama uji uliosahauliwa jikoni. Majuzi nilikuwa mjini Machakos, napita katikati ya maduka nyuma ya soko, harufu hiyo ikanipiga puani nikasimama ghafla njiani, hata mama mmoja mwenye kikapu akanisukuma na kuniuliza kama nimelala. Kumbe kulikuwa na kijana ameketi mbele ya kompyuta, na kando yake mashine inachoma sura ya bibi harusi kwenye ubao. Mteja anatuma picha kwa simu, kijana anabonyeza, kompyuta inafuta rangi zote inabakiza nyeusi na nyeupe, na kabla chai haijapoa kazi imekwisha. Nilimwonea wivu, kusema kweli. Baba yangu kazi hiyo hiyo ilimla msimu mzima wa mvua.

Tulikaa Katelembo. Baba alikuwa fundi wa mbao, karakana yake ya mabati imeegemea nyumba, na watu walimjua kwa vitanda na makabati. Mama yangu, Mwikali, alifariki kabla sijaanza shule. Vitu vyake nilivikumbuka vizuri: leso yake ya manjano, mkono wake wenye harufu ya vitunguu ukinifunga sweta asubuhi, jinsi alivyokuwa akiwafokea kuku kana kwamba wana deni lake. Uso sikuukumbuka. Hilo lilinitesa mno. Nikifumba macho niliona leso, niliona mkono, na juu ya shingo hapakuwa na kitu. Sikumwambia baba. Nilidhani mtoto anayesahau uso wa mama yake ana kasoro, na kwamba baba akijua atanichukia.

Picha yake ilikuwepo moja tu. Kitambulisho kilirudishwa serikalini alipofariki, ndivyo inavyofanywa, na arusi ya kanisani hawakuwahi kuifunga, waliiahirisha kila mwaka wakingoja mavuno mazuri. Picha yenyewe ilipigwa kwenye harambee ya kanisa. Mama ameketi kwenye benchi, sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, mapajani, na jirani yake amefungua mwavuli kujikinga na jua. Kivuli cha mwavuli kilimkata mama uso katikati. Upande wa kulia ulionekana, jicho, shavu, kona ya mdomo. Upande wa kushoto ulikuwa giza tupu. Baba aliiweka picha hiyo ndani ya Biblia, na mimi sikuruhusiwa kuishika kwa sababu vidole vyangu vilikuwa na mafuta kila saa.

Mwaka nilipoanza darasa la kwanza, baba alinunua kwa fundi mwenzake mashine ndogo iliyokwisha tumika, yenye msumeno mwembamba kama uzi wa kushonea, unaopanda na kushuka ukiunguruma. Msumeno huo huweza kuingizwa kwenye tundu dogo katikati ya ubao na kukata humo ndani bila kugusa ukingo. Alianza na majina ya watu na misalaba ya kuuzia makanisa. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza kwamba hakuinunua kwa ajili ya misalaba. Alikuwa akimaliza misalaba, anafungua Biblia.

Akaipeleka ile picha mjini kwa mama wa fotokopi. Uso uliokuwa mdogo kama kifungo cha koti ukakuzwa ukawa mkubwa kama sahani. Halafu baba akaomba kopi itolewe kopi, na hiyo nayo itolewe kopi, na kila mara rangi ya kijivu ilipungua, ikabaki nyeusi na nyeupe. Yule mama alimuuliza kama karatasi anazitumia kuwashia moto. Nami nilisimama pale nikiangalia karatasi zinavyotoka zikiwa na joto, na katika kila moja mama amepungukiwa kitu. Kwanza mikunjo ya shingo iliondoka. Kisha pua, yakabaki matundu mawili. Nilimshika baba shati nikamwomba aache. Akaniambia lazima, kwa sababu msumeno haujui kijivu, unajua kukata na kuacha tu.

Ndiyo sheria ya kazi hiyo. Karatasi inagundishwa juu ya plaiwudi, penye weupe panakatwa, penye weusi panaachwa, na kila cheusi lazima kishikane na cheusi kingine, la sivyo kitaanguka. Baba aliijua sheria, lakini mbele ya uso ule nadhani alisahau kila kitu. Katika picha mama alikuwa amelikodoa lile jicho moja lililoonekana, mboni iko katikati ya weupe, haijagusa kope wala popote. Baba akakata weupe kuizunguka. Mboni ikadondoka. Tulipiga magoti sote wawili tukachakura kwenye vumbi la mbao kutafuta jicho la mama, na mimi nikalia kwa sauti, maana ubaoni palikuwa na tundu linalonitazama, na nusu ya pili ya uso ilikuwa bonge jeusi, kama mtu aliyechungulia kutoka nyuma ya mlango akabaki huko.

Baba akaniinua, akanipangusa magoti. Akasema atamfanya mzima.

Jumamosi iliyofuata aliniketisha kwenye mlango wa karakana, kwenye kigoda, mwanga ukiniingia kwa upande mmoja. "Tulia hapo, mwaitu. Angalia chini. Usicheke." Mwaitu kwetu ni mama. Aliniita hivyo tangu nizaliwe kwa sababu nina jina la mama yake mzazi, hakukuwa na ajabu yoyote. Alishika penseli na ile kopi, akawa ananitazama, anachora, anafuta, ananitazama tena. Nilifikiri anajifunza jinsi mwanga unavyoanguka. Kuku alipita kati yetu, nikataka kucheka, nikaona macho ya baba nikaacha. Alikuwa akinitazama bila kuniona mimi. Sijapenda kutazamwa hivyo na mtu yeyote tangu siku ile.

Ubao wa pili ukatoka mzima. Mashavu mawili, macho mawili, kope zimeshushwa kidogo ili mboni zishikane nazo zisianguke tena. Kwa hiyo mama yangu, ambaye pichani alitazama mbele, ubaoni akawa anatazama chini. Baba akamtundika kwenye dirisha la chumba cha mbele, upande jua linakotua. Hakuna aliyefikiria kitakachotokea. Jioni ile jua lilipita kwenye yale matundu, na uso wa mama ukalala sakafuni, wa mwanga mtupu, kwenye saruji.

Kila siku yenye jua alikuja. Nilirudi kutoka shuleni nikamkuta karibu na meza, na jua likishuka alirefuka, akasogea polepole hadi chini ya kochi, akapanda ukuta, akafifia. Siku za mawingu hakuja nami nilinuna. Nilikuwa nalala chini kwenye saruji, shavu langu ndani ya shavu lake, nikimweleza mambo ya darasani. Niliogopa na nilifurahi, vyote pamoja. Sasa nikifumba macho juu ya shingo palikuwa na uso, na nilimshukuru Mungu kwamba kasoro yangu imepona.

Ndipo Susu akaja kutoka Kithimani, mama mzaa mama. Niwaeleze kidogo, maana si wote mmelelewa kwetu. Kati ya mwanamume na mama wa mke wake kuna kitu tunachokiita nthoni, heshima iliyochanganyika na haya. Hawashikani mikono. Hawakai wakapiga gumzo. Kuna mambo hawayataji kabisa, na mambo ya mwili wa huyo binti, hata sura yake, ni miongoni mwa hayo. Mjukuu na bibi yake, kinyume chake, husemezana lolote, hata matusi madogo. Kwa hiyo Susu alipoingia, baba alitoka akasimama verandani, akiupa mlango mgongo.

Ilikuwa saa ya jua kuingia. Susu alisimama kizingitini, akakataa kukanyaga sakafu. Alitazama chini muda mrefu. Akatazama dirishani. Kisha akanishika kidevu, akanigeuza uso kulia, akanigeuza kushoto, mkono wake ukabaki hapo. Nje baba akakohoa. Akaniita, akaninong'oneza: "Uliza susu wako kama ni yeye."

Nikarudi ndani nikauliza. Susu aliketi kwanza, akavua viatu.

"Mwambie baba yako amefanya vizuri."

Nilimpelekea baba maneno hayo mbio. Aliinamisha kichwa, akaenda karakana, na mashine ikaanza kuunguruma. Ndani, Susu aliomba chai, tukacheka kuhusu meno yangu yaliyong'oka. Alikuja mara nyingi baada ya hapo, na kila mara aliketi kiti kinachoupa ule uso mgongo. Alizikwa nikiwa kidato cha pili.

Nilikua nikiambiwa nimefanana na mama, tena wanaosema huelekeza kidole dirishani, upande wa kushoto. Nilijivunia mno. Nina miaka mingi kuliko aliyoishi yeye.

Siku ile niliponusa plaiwudi mjini, nilipitia kwa baba. Ni mzee sasa, mikono inatetemeka, mashine ilishaliwa na kutu. Nikamuuliza kwa mzaha kama lile shavu la kushoto lilikuwa langu.

"Lako," akasema. "Ningetoa wapi lingine?"

Nikasema nilidhani alichora kwa kumkumbuka. Akageukia dirisha.

"Nilikuwa nimemsahau, mwaitu. Haraka hivyo. Nilifikiri wewe ndiye unayemkumbuka, watoto hukumbuka. Nilipokuona umelala pale chini, nikajua nimepatia."

Sikumwambia kwamba nililala pale kwa sababu sikuwa na uso mwingine wa kumkumbuka.

Kumbe katika nyumba ile tulikuwa wawili tumemsahau, kila mmoja akimwegemea mwenzake. Aliyemjua Mwikali tangu siku ya kwanza alikuwa ameketi kwenye kochi letu anakunywa chai, na shavu lile alilijua kuliko mkono wake. Baba hangeweza kumuuliza ana kwa ana, haya ilimfunga. Susu hangeweza kuanza kulitaja. Mimi ningeuliza lolote, angenieleza pua ilivyokuwa, na kidevu, na alikuwa akichekaje. Nilikaa mapajani pake jioni nzima, nikamwonyesha meno yangu.