Jiko la Mama Lilipokataa Kumeza

Likizo fupi ya katikati ya muhula ilinikuta Garissa, begi langu limefungwa tayari mlangoni. Mto Tana ulikuwa umefurika, barabara imekatika upande wa Madogo, na mabasi ya kwenda "Kenya", kama watu wa hapa wanavyouita upande ule mwingine wa daraja, yamelala stendi. Mwenye nyumba wangu, mama mmoja wa Kisomali niliyemwita habaryar, yaani mama mdogo, kama walivyomwita wapangaji wote wa ploti yetu ya Galbet, alinitazama nikilirudisha begi ndani akacheka kwa huruma.

"Mwalimu, maji ya kwenu yamefika," alisema. "Wewe ndio hujafika."

Alisema kweli. Galbet kwenyewe mvua ilikuwa imetupita, vumbi limejaa hadi kwenye sahani. Maji yale yalitoka milimani kwetu, yakashuka usiku na mchana mpaka yakanifungia njia ya kwenda kumwona mama.

Tulikuwa tumemzika baba kabla tu ya muhula kuanza. Nikarudi kufundisha kemia, nikamwacha mama peke yake Kinangop katika nyumba ya mbao ambayo baba aliijenga kwa mikono yake. Kabla ya kuondoka nilimwekea jiko la peleti. Kifua chake hakiwezi tena moshi, na aliyekuwa akipasua kuni alikuwa baba. Jiko lenyewe nililipata kwa mzungu aliyekuwa akihama Naivasha: sanduku la chuma lenye pipa juu yake. Unamimina peleti pipani, vipande vya unga wa mbao ulioshindiliwa, vyembamba kuliko chaki. Chini ya pipa kuna parafujo ndefu inayozungushwa na mota, nayo husukuma peleti kidogo kidogo hadi kwenye kikombe ambamo moto unawaka. Mama alijifunza kuliwasha kwa siku moja. Akaniambia ni kama kulea mtoto asiyelia.

Jioni ile, watu wakitoka kuswali magharibi, simu yangu ikaita.

"Awa, jiko lako limekataa kula." Awa ni baba kwa Kikuyu. Mama huniita hivyo kwa sababu nimerithi jina la baba yake mzazi.

"Pipani kuna peleti?"

"Limejaa mdomo. Lakini tumboni hakuna kitu. Moto unashika, unacheka kidogo, unakufa."

Nilimwuliza kama kifuniko cha pipa kimefungwa sawasawa, maana jiko lile halifanyi kazi kikiwa wazi. Alikifungua akakibana tena. Bado. Nikamwambia alibonyeze liwake, kisha aisogeze simu karibu na ubavu wa jiko, asiseme neno.

Nikasikiliza. Kwanza mota: inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena, kama mtu anayejaribu kuinua mzigo uliomshinda. Parafujo ilikuwa imekwama, hilo nilijua mara moja. Lakini nyuma ya mota kulikuwa na mvua ikipiga mabati yetu. Birika likitikisa kifuniko. Ng'ombe akilia bandani, na ule mlango wa jikoni usiofungika ukigonga fremu yake polepole. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka uani, fulana imenilowa jasho mgongoni, sikio moja liko nyumbani. Nilishindwa kumwambia mama aitoe simu pale.

Habaryar alikuja na chupa ya chai, akasimama. "Nini hiyo inalia?"

"Ni mvua ya kwetu."

"Wallahi?" Aliketi, nikaiweka simu kwa sauti kubwa. Tukaisikiliza mvua pamoja mpaka mama akauliza kama nimelala.

Nilimwambia azime jiko, achomoe waya ukutani, kisha angoje chuma kipoe kabla ya kuingiza mkono. Hakukata simu. Kwa kawaida mama hukata simu hata hujamaliza kuaga, kana kwamba maneno yanaunguza. Jioni ile alivuta kiti, nikakisikia kikikwaruza sakafu.

"Nimekaa kwake," alisema.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha baba. Tangu mazishi tulikuwa tukizungumza juu ya ng'ombe, viazi, na dawa yake ya kifua. Jina la baba tulilizunguka kama watu wanavyozunguka shimo njiani.

"Baridi ikizidi, navaa koti lake," akaendelea. "Lile la kijani. Halijafuliwa. Dada yako alitaka kulifua, nikalificha."

"Usilifue, mama."

"Bado linanuka moshi na tumbaku. Nikilivaa namwambia, ulikuwa unanisumbua na kuni zako mbichi, sasa mtoto amenipa jiko la stima na lenyewe linanisumbua."

Alicheka, kisha cheko likakatika. Nilimsikia akipenga kamasi. Mimi nami machozi yalikuwa yananitoka, na habaryar, aliyekuwa akiniona na kutusikia bila kuelewa Kikuyu, alinimiminia chai kikombeni akakisukuma karibu na goti langu. Kisha akanyoosha mkono aombe simu.

"Salaam aleikum, mama ya mwalimu," alisema kwa Kiswahili. "Bole sana na mzee. Mungu amrehemu."

"Asande, mama. Huyo kijana anakula?"

"Anakula kama ndege. Lakini mimi nasukuma."

Mmoja alisema "bole", mwingine "asande", na wote wawili wakaelewana kuliko nilivyotarajia. Habaryar alimwambia kwamba naye ana mwana ng'ambo, kwenye theluji, na miaka inapita bila kumshika mkono. Mama akamwuliza kama mwanawe ana blanketi nzuri. Habaryar akasema hajui, hajawahi kumwuliza.

Jiko lilipopoa, mama alizichota peleti kwa kikombe, akizimwaga karaini. Za juu zilikuwa kavu. Za chini zilikuwa zimevimba na kupasuka, na kwenye koo la parafujo unga wake ulikuwa umeshikana.

"Ni ugali kabisa," mama alisema. "Ugali wa jana."

"Gunia uliliweka wapi?"

"Pale pembeni, kwenye ukuta. Pale baba yako alipokuwa anapanga kuni."

Ukuta ule unavuja. Kuni hazikujali, lakini peleti zikinyonya maji huwa si kitu tena ila unga. Mama aliubandua ule ugali kwa mpini wa mwiko, akazoa kwa kijiko, akasugua kwa brashi ya viatu. Alizibua pia matundu ya kikombe cha moto yaliyozibwa na majivu. Kisha akapanda kwenye stuli akashusha gunia jingine lililokuwa darini, mimi nikimsihi asipande, yeye akiniuliza nani mwingine apande.

Alirudisha waya. Akamimina peleti kidogo tu, kama nilivyomwambia. Mota ikanguruma, ikasita, halafu nikasikia tik, tik-tik, peleti zikianguka kikombeni.

"Linameza!" mama alipiga kelele. "Awa, linameza!"

Akakata simu.

Kesho yake jioni sikuwa na sababu ya kupiga, nikapiga. Nikauliza habari za majivu. Mama alinijibu kwa kirefu.

Siku hizohizo nilimkuta habaryar kwenye kizingiti chake, simu sikioni, akiongea Kisomali kwa amri. Alipomaliza hakuishusha. Nilimwuliza kama kuna tatizo.

"Nimemwambia mwanangu asiongee," alisema. "Aweke simu karibu na jiko lake la moto, huko kwake. Nataka kusikia nyumba."

"Inasemaje?"

Alifumba macho. "Kimya. Halafu kuna kitu kinavuma kidogo. Halafu kijiko ndani ya kikombe. Anakoroga sukari nyingi, kama zamani."

Barabara ilifunguliwa likizo ikiwa imekwisha, kwa hiyo nilifika Kinangop mwisho wa muhula. Mama alinipokea mlangoni akiwa ndani ya lile koti, mikono ya koti imekunjwa mara kadhaa. Jiko lilikuwa linawaka. Alinivutia stuli, yeye akaketi kwenye kiti cha baba, na kabla hata sijavua viatu akaniuliza kama yule mama wa Garissa amepata habari za mwanawe.