Dirisha Kando ya Kitanda

Mume wangu wanamwita Timazi. Timazi ni lile pande la chuma ambalo waashi hulining'iniza kwenye uzi waone kama ukuta umesimama wima, na yeye analo la shaba, alirithi kwa fundi wake, halimtoki mfukoni hata tukienda msibani. Ukimkaribisha kwako hakai kwanza. Anafumba jicho moja, anaipima pembe ya chumba, halafu anaguna. Nimemwambia mara ngapi, "Baba, iko siku tutafukuzwa kabla ya chai," lakini wapi!

Tangu ardhi itikisike mwaka juzi, guno lake watu wanaliogopa. Siku ile, mchana kweupe, nusu ya kijiji ilianguka kwa muda wa kumenya viazi viwili. Mume wa wifi yangu alikuwa chumbani amejilaza. Mlango ukabanwa na boriti, na ukuta wa nyuma haukuwa na dirisha. Wifi alikuwa uani. Alimsikia mumewe akimwita kutoka ndani ya ukuta, akaitika. Akaitwa tena, akaitika, huku anafukua matofali kwa mikono mitupu. Halafu hakuitwa tena. Tulipofika tulimkuta bado anaitika.

Baadaye likaja shirika la misaada. Kwa wale wasio na kitu, lilitoa saruji, nondo na mabati. Mwenye nyumba alete mchanga, mawe, maji na nguvu zake. Walimleta na mhandisi, binti mwembamba mwenye futi ya chuma kiunoni. Sisi tulimwita Futi Mbili, maana wimbo wake ulikuwa huo huo: dirisha lolote likae futi mbili au zaidi kutoka kwenye pembe ya nyumba. Mume wangu alimcheka. "Miaka ishirini na sita najenga, leo nifundishwe na mtoto wa juzi?" Yule binti hakubishana naye. Alijenga vijumba viwili vya vitofali juu ya meza, kimoja amekizungushia waya, akaitikisa meza. Kisicho na waya kikasambaratika. Timazi akasogea, akaitikisa meza yeye mwenyewe, na chenye waya kikabaki kimesimama.

Kuanzia hapo akawa mhubiri wa mkanda. Mkanda ni zege lenye nondo nne ndani yake, linaizunguka nyumba nzima chini ya madirisha, na jingine juu ya madirisha, ili kuta zishikane zisiachiane. "Ukikata mkanda, suruali inadondoka!" aliwaambia vijana wake, nao walicheka kila siku kama wanaisikia mara ya kwanza. Shirika likamfanya fundi mkuu. Nyumba ya nane ikawa ya dada yake.

Ilikuwa nyumba nzuri, vyumba viwili. Ikakaguliwa, ikapakwa namba mlangoni. Wifi akakataa kuingia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu aliumwa na nyumba. Akabaki chini ya turubai na mjukuu wake wa miaka minne, mtoto ana kikohozi cha kifua, na mvua ndiyo hiyo inakaribia.

"Nitaingia," alisema, "mkinitobolea dirisha kando ya kitanda. Chini, niweze kuruka na mtoto."

Kitanda kilikaa kwenye pembe. Futi Mbili akamweleza kwa upole kwamba pembe ndiyo inayoishika nyumba, ikitobolewa haina maana tena. Wifi hakutaka kusikia. Alimgeukia mume wangu.

"Mdogo wangu, mwenzangu alikufa kwa kukosa tundu la kutokea. Na wewe unaninyima?"

Akalia. Sasa wewe hujui kilio cha wifi yangu kwa mume wangu. Mama yao alifariki Timazi ana miaka sita, na dada huyu ndiye aliyembeba mgongoni, akamwogesha, akaacha shule kwa ajili yake. Mimi kwenye ndoa yangu nashika nafasi ya pili, na nimeshazoea.

Futi Mbili akaenda likizo ya wiki tatu. Jumanne moja napita kwa wifi, nakuta amehamia ndani, anafagia. Dirisha lipo kando ya kitanda, limetiwa pazia la maua.

Nilimuuliza mume wangu, "Futi Mbili kakubali?"

"Mambo yamekaa sawa."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Timazi hana maneno hayo. Kwake kitu kiko wima au hakiko wima, basi.

Tangu siku hiyo chakula kikawa hakimpiti. Lori likipita barabarani anaweka kiganja ukutani. Mara anainuka, anatoka, namwona anakwenda kwa dada yake. Anasimama nje ya ile pembe, anapapasa plasta kwa vidole. Nikamtania, "Kama ni mwanamke niambie, mimi nitamwonea huruma yeye." Hakucheka. Niliposogeza kapu lake la vifaa nikaona lina uzito usio wa kawaida. Chini kabisa, ndani ya gunia, zilikuwa nondo nne fupi, za urefu wa mkono, ncha zake zinang'aa.

"Nini hizi?"

"Nondo."

"Nina macho. Za wapi?"

Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa kifudifudi. "Za mkanda wa dada."

Akanieleza taratibu, macho chini. Dirisha kwenye kimo cha kawaida lingekuwa juu mno, dada ni mfupi, na mtoto mkononi asingeweza kuruka. Basi akalishusha. Kulishusha kulimaanisha kuukata mkanda wa chini, zege na nondo zake zote. Aliyekata ni yeye mwenyewe, kwa msumeno wake, halafu akapiga plasta.

"Mwambie leo hii," nikasema.

"Nikimwambia atarudi kwenye turubai. Na kifua cha yule mtoto?"

"Na usipomwambia?"

Akazirudisha nondo ndani ya gunia. Na mimi, haki ya Mungu, sikumwambia. Siwezi kumsukumia yeye lawama yote. Niliogopa kilio cha wifi, niliogopa mume wangu kuumbuliwa mbele ya vijana aliowafundisha, nikajidanganya kwamba ardhi imetulia. Siku tisa nilikwenda kwa wifi kila asubuhi. "Karibu ndani, wifi," ananiambia, nami nang'ang'ania kizingitini, eti nina haraka. Yule mtoto alikuwa anachezea vifuniko vya chupa chini ya dirisha lile lile, na mimi namtazama tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunajua, tunawaambia wengine.

Siku ya kumi, kama saa tisa alasiri, nilikuwa naosha sufuria. Maji kwenye beseni yakaanza kucheza peke yake. Nikayatazama kama mjinga. Kisha vyombo vikagongana, mbwa wote wakalia, na ardhi ikanisukuma magoti.

Nilikimbia. Sijui nilitupa wapi sufuria. Upande wa pili wa njia nilimwona Timazi anakuja kutoka kazini, pekupeku, zege mpaka viwikoni, anaita, "Dada! Dada!" na hakuna anayeitika. Mungu wangu, sauti ile! Ardhi ilikuwa imeshatulia, lakini vumbi lilikuwa linatoka kwenye ile pembe.

Nyumba ilikuwa imesimama. Tuliingia. Wifi alikuwa wima kando ya kitanda, mtoto kambeba ubavuni, mkono mmoja umeshika fremu ya dirisha. Dirisha liko wazi kabisa. Hakuwa ameruka. Kutoka kwenye kona ya dirisha hadi sakafuni ulishuka ufa unaoingia kidole, na ukuta wa upande ule umetoka nje kidogo.

"Wifi," akaniambia, meno yanagongana, "miguu imekataa."

Tukawatoa kwa mlango. Uani, kabla hajapewa hata maji, mume wangu akapiga magoti mbele yake akamwambia kila kitu.

"Ulijua?" wifi akauliza.

"Nilijua."

"Na ukanikatia?"

"Ulilia, dada."

"Ningelilia sumu, ungenipa?"

Akamzaba kofi. Halafu akamvuta kichwa akakilaza mapajani mwake, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mtoto, wakalia wote wawili. Mimi nilisimama na yule mtoto, nikijua kofi lile nusu yake ni langu.

Futi Mbili alirudi Jumatatu. Timazi hakungoja aulizwe. Alizitoa zile nondo nne mbele ya mafundi wote, akasema amefanya nini. Hakuna aliyecheka. Akavuliwa ufundi mkuu, akapewa koleo, akawa anamchanganyia zege kijana aliyemfundisha mwenyewe. Pembe ikabomolewa yote, paa likashikiliwa kwa magogo, nondo mpya zikaunganishwa na za zamani kwa urefu alioutaka yule binti, mkanda ukamwagwa upya, mara hii bila dirisha. Na ule msemo wa kuziba ufa na kujenga ukuta, atakayeniambia tena tutagombana.

Ilipobaki nafasi ya tofali moja, kijana yule akamwachia Timazi mwiko. Wifi alikuwa chini ya turubai siku zote zile. Akainuka, akaingia ndani, akakaa kitandani peke yake. Tukamsihi atoke mpaka kazi iishe. Ng'o. Nilimwona kupitia lile tundu, kajishika mikono, jasho linamtoka.

"Mdogo wangu," akasema kutoka ndani, "ukiziba, halafu niite."

Timazi akapaka udongo wa saruji, akaliingiza tofali, akaligonga kwa mpini wa mwiko. Hakutoa timazi kupima. Akaweka paji la uso wake ukutani.

"Dada!"

Kimya. Futi Mbili alinishika mkono, vidole vyake vya baridi. Nikasikia mtu anapumua kwa nguvu, kumbe ni mimi.

"Dada!" Sauti ikampasuka.

Kisha kutoka ndani ya ukuta, polepole, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka juzi:

"Abee."

Akaita tena. Akaitika tena. Mpaka leo Timazi anapita kila asubuhi kabla ya kazi, anagonga pembe ile kwa kiganja na kumwita, na mimi huku jikoni huacha ninachokifanya mpaka nisikie ameitikiwa.