Namba Tisa kwenye Shingo ya Tata

Nianze kwa kukiri, maana rika langu linanijua na litanisuta nikificha: mimi ndiye niliyemfanya baba yangu aende kanisani akiwa amebandikwa vipande vya gazeti shingoni. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa kidato cha pili, nina Kiingereza cha kutosha kusoma boksi la wembe, ila sina akili ya kutosha kuelewa nilichosoma.

Mliokulia milima ya kwetu, kati ya Nyamira na Kisii, mnaikumbuka Ijumaa ya miaka ile. Sisi tuliosali Jumamosi tulikuwa na mwisho mmoja wa kazi, nao ni jua kuzama. Kabla halijazama, mboga ya chinsaga iwe imechumwa na iko chunguni ikichemka na maziwa. Pasi ya makaa iwe imepita kwenye mashati yote. Dada zangu wawe wamesugua visigino kwa jiwe mtoni hadi ving'ae. Sisi wavulana tuliteka maji kwa mitungi huku tukipiga mpira wa majani makavu ya migomba kwenye mteremko, na mpira ukitoroka huko ulifuatwa hadi bonde la pili, kwa watu tusiosalimiana nao. Na kila mwanaume mwenye ndevu, kuanzia kwetu juu hadi chini kwa kina Nyaboke, alikuwa nje ya nyumba yake akijinyoa kwa haraka au akingoja zamu ya wembe, jicho moja kwenye kioo na jingine kwenye jua.

Wembe wenyewe ulikuwa mmoja kwa kilima kizima. Sidanganyi. Ulizunguka nyumba hadi nyumba umefungwa kwenye karatasi, na ukiwa butu ulinolewa ndani ya glasi, unausugua kwa kidole huku na huku mpaka mwenye glasi alalamike. Ulishikwa kwa vidole vitupu, ukapita juu ya povu la sabuni ya kufulia, na mtu akashukuru kwamba sikio bado lipo.

Wengine walitoka salama. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, hakutoka salama hata siku moja. Ndevu zake zilikuwa za kipilipili, na zikikatwa zilijikunja na kurudi ndani ya ngozi kama funza. Kufikia Jumamosi asubuhi shingo ilikuwa imefura, ina vipele vyekundu kutoka sikio hadi sikio, na kola ya shati jeupe ikimchoma kama upupu. Kila jirani alikuwa na dawa yake. Mmoja alileta mshubiri, mwingine mafuta ya taa, na kuna mzee aliyependekeza mkojo wa ng'ombe. Tata akamwambia aanze kuupaka yeye.

Ingekuwa vipele tu tungezoea. Lakini Tata alikuwa ametajwa kuwa mzee wa kanisa mara mbili, na mara mbili jina lilirudi. Hawakuwa na neno juu ya tabia yake. Alikuwa anaamua kesi za mipaka watu wakaenda nyumbani wakisalimiana. Neno lilikuwa shingo. Akinyoa, walinong'ona kwamba mwenye upele hawezi kushika meza ya Bwana, asije akatuambukiza wote. Akiacha kunyoa ngozi ipumzike, walisema anafuga ndevu kama mganga. Tata hakulalamika. Alikaa benchi la nyuma, akaimba besi yake, na akirudi nyumbani aliishika chai yake mpaka ipoe.

Mwaka ule jina lilipanda mara ya tatu. Mwenyekiti wa halmashauri ya kanisa akasema watamwekea mikono baada ya Sabato tatu, "tukiona amejitunza uso." Tata akaniita, akanipa pesa za majani chai alizokuwa ameweka.

"Mose, umesoma," akasema. "Nenda Kisii. Nasikia kuna mashine za kunyolea zisizouma. Chagua iliyo pole. Uso wa mtu si shamba, haulimwi."

Nilivaa sare ya shule ingawa ilikuwa likizo, ili mji ujue nani amefika. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyeongea Ekegusii safi kuliko sisi tuliokwenda bweni. Alipanga mashine tatu juu ya kaunta.

"Hii ina meno kama kitana," akasema. "Ni ya ndevu za wiki mbili, inang'ata. Hii ina ubao ulionyooka mbele ya wembe, unailinda ngozi, hii ni pole. Na hii ya tatu ina pete ya namba hapa shingoni, moja mpaka tisa. Ukiizungusha, wembe unachungulia nje au unarudi ndani. Inaweza kuwa pole, inaweza kuwa kali, inategemea..."

"Naijua," nikamkatiza. "Tuliisoma shuleni."

Hatukuisoma shuleni. Shuleni tulisoma mito ya nchi za watu na jinsi ya kupasua chura. Lakini ile ya tatu ilikuwa nzito, inang'aa, ina maandishi ya Kiingereza, na mimi nilikuwa mtu wa Kiingereza. Mzee akanitazama, akaifunga.

Ijumaa nikamshikia Tata kioo chini ya paa la ghala la wimbi, nikajitwika ufundi. Nikaizungusha ile pete mpaka tisa. Hesabu zangu zilikuwa rahisi: tisa kwa kumi ni alama nzuri, na baba yangu nisingempa moja, moja ni ya wajinga. Jua lilikuwa limeshaegemea kilima. Tata akapaka povu, akakandamiza kama alivyozoea kukandamiza ule wembe butu, akavuta kutoka chini kwenda juu.

Sitaeleza sana. Mama alichana gazeti. Nyaboke, jirani yetu wa chini, mwanamke ambaye hakuwahi kuona jambo akalinyamazia, alikuwa anapita na kuni, akasimama uani.

"Jogoo gani huyo mnayemchinjia kwenye kioo?" akauliza.

Tata hakunipiga, na ningependelea anipige. Alisema tu, "Na wewe ndiye tuliyekupeleka shule."

Kesho yake alikaa benchi la nyuma na magazeti yake. Mwenyekiti akamtazama shingo kwa muda mrefu, kisha akasema mbele ya watu, "Tutaona Sabato ile ya tatu. Tusiahidi." Zilikuwa zimebaki mbili. Mara ya nne haingekuwepo, kila mtu alijua, na Tata alijua zaidi yetu.

Jumapili nikarudi Kisii, safari hii na shati la nyumbani. Mzee wa duka akaniuliza kabla sijafungua mdomo.

"Uliweka ngapi?"

"Tisa."

"Kwa nini tisa?"

"Ndiyo kubwa."

Hakucheka, na hapo ndipo aibu iliponipata sawasawa. "Mwanafunzi, kwenye mtihani wenu wa kidato cha nne, aliyepata tisa ni nani?"

"Amefeli."

"Na aliyepata moja?"

"Ndiye bora," nikaliambia gunia la chumvi.

Akafungua kifungo cha kola yake akanionyesha shingo. Ilikuwa na makovu madogo madogo, ya zamani. Kumbe na yeye ni mwenzetu. Akaniambia mambo ambayo sijawahi kuona sababu ya kuyapinga, na nimenyoa miaka hamsini tangu siku ile. Ngozi yenye hasira usiitafutie wembe unaomaliza kazi mara moja, itafutie unaobakiza kidogo. Kidevu kikibaki na kivuli hakuna aliyekufa. Anzia moja, na ikitosha usipande. Usikandamize, kwa kuwa mashine nzito imeletwa ili mkono upumzike. Pitisha kidole shingoni ujue ndevu zimelalia wapi, maana za wengine zinalala ubavu, kisha uzifuate, usizipinge. Palipopitwa pasirudiwe. Wembe uwe mpya na uwe wa mtu mmoja. Na asinyoe mpaka vidonda vifunge, hata kama ni kanisa.

Tata alinisikiliza hadi mwisho, akachukua ile mashine, akaiweka mkononi mwangu.

"Anza na wewe."

Nilikuwa na nywele kumi na moja kidevuni. Nilizijua moja moja. Lakini nilioga maji ya moto, nikapaka povu kama mtu mzima, nikaweka moja, nikanyoa mbele ya familia nzima iliyokaa kwenye vigoda kama watu wa mahakama. Nyaboke, aliyekuja kuomba moto, akasogea akachungulia.

"Ananyoa nini huyo? Povu?"

Siku tatu Tata alikuja kunishika kidevu kila asubuhi, akikigeuza kwenye mwanga kama mtu anayenunua ndama. Hakikufura. Siku ya nne akasema, "Haya."

Ijumaa ya mwisho, vidonda vimeshafunga, kulitokea jambo ambalo kilima hakijawahi kuliona: mwanaume ananyoa saa sita mchana. Mama alikuwa amechemsha maji mapema, Tata ameoga bila haraka, na jua liko juu kabisa halimtishi mtu. Aliweka moja, akanyoa bila kukandamiza. Mashine ilikuwa ikitoa mlio mdogo, kama mbuzi anayekula majani mabichi. Akasuuza kwa maji baridi ya mtoni, akajipangusa kwa kugusagusa, hakujisugua. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikamkuta amesimama uani, ameinua kidevu, Mama anamkagua. Mama alipitisha mgongo wa mkono wake shingoni mwa Tata, toka sikio hadi sikio, polepole. Kisha akaenda kuleta shati jeupe.

Wakamwekea mikono. Mwenyekiti alimwangalia kwa karibu, akatafuta, akakosa.

Siku hizi najikalia nyumbani kwangu, na wajukuu wakija kutoka mjini naona mambo. Vijana wana ndevu za kupaka rangi na mafuta yenye harufu ya keki. Wengine wananyoa kwa mashine ya umeme, nyembe za wengine ni za kutupa, za plastiki, zimepangwa makali matano kama ngazi, na bado shingo zina vipele kuliko za baba zao. Nikiwaambia wanyoe mara moja kwa kufuata ndevu, wananiuliza nimeiona kwenye video gani. Sawa. Wana vyoo ndani ya nyumba na maji ya moto yanayotoka ukutani, sisi tulikuwa na kioo kimoja chenye ufa. Lakini sioni tena mtu akishika uso wa mwenzake kuukagua kwa mwanga wa asubuhi. Kila mmoja amejifungia bafuni na uso wake.

Tata alishika kazi ile ya kanisa mpaka alipozeeka. Nami hotuba ya mchungaji ya siku ile ya kuwekewa mikono nimeisahau yote. Ninachokumbuka ni mlangoni tulipokuwa tunatoka, wazee wa kanisa wamejipanga kupeana mkono na Tata, na Nyaboke akafika mbele yao, akasimama, akawatazama mmoja mmoja toka wa kwanza hadi wa mwisho, akasema: "Miaka yote hii mmemkalisha huyu nyuma kwa sababu ya kidevu, na ninyi wenye videvu safi hakuna hata mmoja ninayeweza kumtazama nikila, chakula kikashuka."