Tochi Niliyoisahau Kwenye Begi

Mimi na maji hatupatani, na hilo nalijua tangu utotoni. Lakini mke wangu alikuwa amekimbilia Ukerewe kwa dada yake, mtoto mgongoni, ikabidi nipande meli. Aliondoka Katoro wiki ile duara letu la Nyarugusu lilipoporomoka likanifukia mpaka kifuani. Duara ndiyo shimo tunalochimbia dhahabu. Alisema siku nitakayoacha kuchimba, atarudi. Basi nikamwomba mama mkwe anisindikize, akamwambie binti yake kwamba nimeacha.

Sisi Wasukuma tuna adabu zetu kwa wakwe. Simtazami mama mkwe usoni, sili mbele yake, tukikutana njiani napisha. Kwa hiyo tulipopanda meli pale Mwanza yeye alikaa juu, mimi nikashuka chini kabisa, kwenye kona kati ya magunia ya mchele na ukuta wa chuma. Mchimbaji bwana! Akiogopa anatafuta ukuta na giza. Sikujua kwamba kwenye maji hapo ndipo pabaya kuliko kote.

Hatukuwa tumefika hata nusu ya safari ziwa likachafuka. Mvua, upepo, meli inainuka halafu inaachia, tumbo langu linabaki huko huko juu. Harufu ya dizeli ndiyo ikanimaliza. Nilitapika uji, nikatapika maji, mwishowe natapika hewa tupu. Nilichoka, jamani. Nilichoka mpaka nikaona meli ikizama sawa, isipozama sawa.

Mara nikaona khanga mbele yangu. Mama mkwe alikuwa ameshuka ngazi huku akijishikilia, akapiga magoti pale pale kwenye matapishi yangu. Aibu gani hiyo! Nikajifunika uso kwa shati.

"Mayu, rudi juu," nikamwambia, maana mama kwetu ni mayu.

"Nyamaza, baba. Adabu tutaendelea nayo nchi kavu."

Akanishika kichwa kama mtu anavyomshika mtoto mwenye homa. Kisha akafungua begi langu atafute kitambaa cha kunifuta. Hapo nikakumbuka, lakini hata mkono wa kumzuia sikuwa nao. Akatoa tochi yangu ya kichwani. Mkanda wake ulikuwa na tope jekundu ambalo halijakauka vizuri. Juzi yake tu nilikuwa nimeshuka tena shimoni, na begi lilikuwa lile lile.

Aliifutika tochi kiunoni mwake. Alinifuta mdomo kwa ncha ya khanga yake, akaniburuza mpaka juu kwenye upepo, akanipa kipande cha ndimu ninyonye. Akaniambia nitazame kisiwa kule mbele, niachane na mawimbi. Nikapata nafuu kidogo. Roho iliniuma sana. Heri angenitukana.

Mke wangu alikuwa anatusubiri gatini Nansio, kule Ukerewe. Mama mkwe alitangulia kushuka, kisha akageuka akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Akaniwekea ile tochi mkononi.

"Mimi nilikuja kusema umeacha," alisema. "Sasa sema mwenyewe."

Mke wangu aliiangalia tochi, akaliangalia na lile tope. Salamu hakunipa. Nilikuwa nimeshika nguzo, maana hata nchi kavu niliiona inayumba.

"Nilishuka mara moja tu," nikasema. "Mara moja tu, mama watoto."

"Na kufa utakufa mara moja tu," akasema. Akamrekebisha mtoto mgongoni, akaondoka na mama yake.

Siku hizi navuka kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwenda kumwona mtoto. Nakaa juu kwenye upepo, ndimu mdomoni, macho kwenye kisiwa, kama nilivyofundishwa. Bado natapika. Tochi sibebi tena, naiacha Nyarugusu, nikirudi Jumatatu niikute.