Mvumo Uliokuja Kabla ya Sauti Yake

Mjane alikuwa kwenye eda, hatoki, kwa hiyo mitambo niliipeleka kwake. Vita vilikuwa vimekwisha. Mimi, niliyeacha shule mapema, nilikuwa nimefanya kazi bandarini, ufukweni Liwatoni, na kwenye karakana moja ya redio, bila kutulia popote.

Marehemu mumewe alikuwa amesoma mashairi yake kwenye santuri moja tu, ya aina laini inayochongwa papo hapo mtu anaposoma. Kila sindano ikipita hukwangua kidogo. Itacheza vizuri mara chache, kisha sauti ififie. Mjane alitaka kuisikia angalau mara moja, safi.

Nilifunga gramafoni ya umeme na kikuza sauti kilichouzwa na jeshi baada ya vita. Gramafoni nikaitia waya wa ardhi, wa kupeleka udongoni umeme unaovuja, kwenye bomba la maji. Kikuza sauti nikakipa wake, hadi kwenye chuma nilichokipigilia uani, kando ya kisima. Nilifundishwa kwamba kila mashine iwe na ardhi yake.

Nikaweka sindano. Kabla ya sauti ya marehemu ukaja mvumo, mzito, usiopumua, kama hitima inayosomwa nyumba ya pili. Marehemu alikuwa humo ndani, mbali.

Mavyaa wa mjane, mamake marehemu, aliyeketi mlangoni, akaacha tasbihi. "Umemleta nani humu?"

"Umeme tu, bibi."

"Umeme unanung'unika? Wewe ulikimbia chuo cha Kurani, hata jini akikutokea hutajua la kumsomea." Akaenda kutia ubani.

Nikabadilisha waya, nikaicheza santuri tena. Nikageuza gramafoni, nikarudia. Moshi wa ubani ulijaa chumbani na mvumo ulikuwa vile vile. Mara ya nne, nyuma ya pazia, mjane akasema polepole, "Kakangu, unanimalizia sauti yake."

Nikainua sindano. Mvumo haukukoma.

Nilisimama na mkono hewani. Haukuwa kwenye santuri. Ningeweza kuutafuta siku nzima bila kuigusa.

Nikazima umeme, nikang'oa waya wa kisimani, na ardhi ya kikuza sauti nikaifunga kwenye bomba lile lile la gramafoni. Mashine mbili zilikuwa zimeshika ardhi mahali pawili, na waya wa sauti ukaziunganisha juu. Duara likakamilika, umeme ukawa unazunguka humo. Nilipowasha, chumba kilikuwa kimya kiasi cha kutisha.

Santuri ikacheza. Alisoma karibu nasi, kama amekaa na sisi. Mavyaa akafunika uso kwa buibui.

Ilipokwisha, mjane akasogea karibu na pazia.

"Kabla ya ubeti wa mwisho alikohoa," akasema. "Nilikuwapo aliposoma. Mbona sikukisikia kikohozi?"

Nikamwambia sijui. Nilijua. Kilikuwa ungaunga mweusi uliokwanguliwa kwenye santuri, ukashika ncha ya sindano, na nilikuwa nimekwisha kuupuliza.